Safari ya Songea: Vyakula vya Kusini na Adabu za Wenyeji Wake

Mtu wa pwani akitajiwa Songea hukumbuka mambo mawili: mahindi na vita vya Majimaji. Yote mawili ni kweli, walakini hayatoshi. Nchi haijulikani kwa wingi wa mavuno yake wala kwa makaburi ya mashujaa wake peke yake. Hujulikana pia kwa kile kipikwacho jikoni mwake, kwa namna kinavyoandaliwa mbele ya mgeni, na kwa mipaka ambayo wenyeji wameiweka baina ya kifaacho na kisichofaa. Basi katika makala haya tunawaalika wazee, akina mama na vijana tufuatane hadi mkoa wa Ruvuma, tukae mkekani pamoja na watu wake, na tujiulize swali ambalo ni zito kuliko lionekanavyo: Mwislamu aufanyeje urithi wa chakula cha wazee wake? Aushike wote, autupe wote, au auchekeche kama unga?

NJIA NA NCHI

Atokaye Dar es Salaam kwenda Songea hupita Morogoro na Iringa, akifika Makambako huiacha njia kuu ya Mbeya na kushika njia ya kusini ipitayo Njombe. Kutoka Makambako hadi Songea ni mwendo wa kiasi cha kilomita 300 wa milima na mabonde. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mgeni afikaye mwezi wa Juni au Julai bila ya nguo nzito atajuta.

Karibu na mji inasimama milima ya Matogoro. Hapo Mwenyezi Mungu ameweka jambo la kuzingatiwa. Katika milima hiyo hiyo huanza mto Ruvuma, ambao huenda mashariki ukiwa mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Na huko huko huanza mto Luwegu, ambao huelekea kaskazini ukakutana na Kilombero, na kwa kukutana kwao ukapatikana mto Rufiji. Mlima mmoja unanywesha watu wa Mtwara na watu wa Rufiji, na wala hawajuani. Mvua za huko ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na katika msimu huo mmoja hupatikana chakula cha mwaka mzima. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 Ruvuma imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne mikubwa ya kulisha taifa.

WANGONI NA CHUNGU CHAO

Wenyeji wanaojulikana zaidi wa Songea ni Wangoni. Asili ya watawala wao ni kusini mwa Afrika, katika nchi za Wazulu. Walihama wakati wa machafuko ya zama za Shaka, na kundi lililoongozwa na Zwangendaba liliuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Zwangendaba alipofariki katika nchi ya Ufipa kiasi cha mwaka 1848, watu wake walitawanyika, na baadhi yao wakaja kutua Songea. Walikuja kwa ngao na mikuki, wakawashinda wenyeji na kuwaingiza katika majeshi yao. Lakini angalieni hekima ya mambo: jeshi liliteka watu, kisha lugha na vyungu vya waliotekwa vikaliteka jeshi. Kingoni kisemwacho leo si Kizulu tena. Ni lugha iliyo jamaa ya lugha za jirani. Yamebaki majina ya koo, kama lile la Nyoni, ambalo kwa Kizulu ni ndege, na sisi watu wa Kiswahili tunalo neno lile lile katika kusema nyuni.

Kadhalika ndivyo ilivyokuwa katika chakula. Wangoni waliwatukuza ng'ombe, lakini chakula chao cha kila siku kilikuwa nafaka ya waliowakuta. Hapo kale ulezi ulikuwa mfalme wa maghala. Baadaye mahindi yakaupokonya kiti. Leo mlo wa kawaida wa Songea ni ugali wa mahindi pamoja na maharage, au pamoja na majani ambayo wenyeji huyaita likolo. Majani hayo ni ya maboga, ya kunde, ya muhogo au ya mchicha, na uzuri wake hutoka katika karanga zilizotwangwa zikawa unga na kutiwa chunguni. Mtu aliyezoea nazi ya pwani atashangaa jinsi karanga zinavyofanya kazi ile ile: huupa mchuzi uzito, huondoa ukali wa majani, na humshibisha mtoto. Kila nchi imepewa mafuta yake.

Mvua zinapoanza, akina mama na watoto huingia katika misitu ya miombo kuchuma uyoga. Jambo hili si la mchezo, maana uyoga ulao na uyoga uuao huota kwa ujirani. Bibi humwonyesha mjukuu rangi ya chini ya kofia, harufu, na mti ambao uyoga ule huota chini yake. Baadaye hufuata matunda ya porini kama masuku, yenye utamu wa asali. Elimu hii haikuandikwa katika kitabu cha shule. Imo vichwani mwa wazee wa kike, na kila anapofariki mmoja, ukurasa mmoja hufungwa naye. Mjukuu asiyefundishwa atabakiwa na njia mbili: ama auache msitu mzima kwa hofu, ama aingie kwa ujinga na kujiangamiza.

NJAA ILIYOFANYWA SILAHA

Hatuwezi kusema juu ya chakula cha Songea bila ya kutaja siku ambazo hapakuwa na chakula. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Songea mwaka 1897. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, Wangoni waliingia chini ya viongozi wao, wakiwamo Mputa Gama na Chabruma. Mwezi wa Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa mjini hapo, na Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, aliuawa katika siku hizo hizo. Leo mahali pale pana Makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, ambalo inaaminiwa lilichukuliwa kwenda Ujerumani.

Lakini kamba haikuua watu wengi kama ilivyoua njaa. Askari wa Kijerumani walichoma mashamba, wakateketeza maghala na kuchukua mifugo, ili watu wasipate cha kula wala mbegu ya kupanda. Katika nchi yote ya vita hivyo, kutoka Rufiji hadi Ruvuma, hesabu za wanahistoria hutofautiana. Wako wasemao watu 75,000, na wako wafikao 300,000, na wote wamekubaliana kwamba wengi waliondoka kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Waliobaki waliishi kwa mizizi na matunda ya mwituni.

Vijana, shikeni somo hili. Yule mama ajuaye mizizi iliwayo, majani yaliwayo na uyoga usiodhuru, hakuhifadhi mapishi tu. Alihifadhi roho za watu. Huenda babu wa babu yako alipona kwa elimu ambayo leo unaiita ushamba. Na mwenye kuchezea chakula, akamwaga wali uliobaki jaani, na akumbuke kwamba katika ardhi hiyo hiyo watu walikufa kwa kukosa konzi moja ya ulezi.

TOGWA NA MPAKA WAKE

Sasa tunafikia kinywaji ambacho ni fahari ya Songea na pia ni mtihani wake. Nacho ni togwa.

Togwa hufanywa hivi. Kwanza hutayarishwa kimea: ulezi huloekwa, hufunikwa mpaka uchipue kwa siku mbili tatu, kisha huanikwa juani na kusagwa. Halafu hupikwa uji mwepesi wa mahindi, ukaachwa upoe hata uwe vuguvugu. Hapo unga wa kimea hutiwa na kukorogwa, na mara uji uliokuwa mzito hulainika na kuwa mtamu ijapokuwa haukutiwa chembe ya sukari. Si uchawi, ule ulezi uliochipua una nguvu ya kuigeuza wanga kuwa sukari. Ukilazwa usiku mmoja, huanza uchachu wa kupendeza kama wa maziwa ya mgando, kwa kazi ya vijidudu vyema. Wataalamu wa Tanzania walioichunguza togwa wameona kwamba uchachu huo huwadhoofisha vijidudu viletavyo maradhi ya kuharisha kwa watoto. Na ulezi wenyewe una chokaa nyingi ijengayo mifupa. Basi bibi aliyempa mtoto togwa badala ya maji machafu ya kijito alikuwa tabibu bila ya kujua.

Lakini togwa ikiachwa siku nyingi, uchachu hugeuka kuwa ulevi. Na kimea kile kile, kwa njia nyingine ya kupika, hutoa pombe ya ulezi ambayo wazee wa zamani waliinywa katika matanga, harusi na kazi za kualikana shambani. Vivyo hivyo ulanzi, ambao ni utomvu wa mianzi: ukigemwa asubuhi huwa mtamu kama maji ya muwa, na ukilala huwalaza wanaume barabarani. Hapo ndipo Mwislamu wa Songea anapotakiwa awe na elimu na saa, yaani ajue hukumu na ajue wakati.

Wako watu wawili waliokosea njia. Wa kwanza husema: hiki ni kinywaji cha mila, mababu walikinywa, basi kilale siku tatu au wiki, hakina neno. Huyu ameifanya mila kuwa sheria. Wa pili husema: togwa yote ni pombe, na aitengenezaye ni mlevi. Huyu ameharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Njia ya kati iko wazi katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Imepokewa kwamba yeye mwenyewe alilowekewa tende au zabibu katika maji, akanywa siku ile na iliyofuata, hata jioni ya siku ya tatu. Kilichosalia baada ya hapo hakukinywa. Na imepokewa pia kwamba kila kileweshacho ni haramu, na kwamba kitu ambacho kingi chake hulewesha, basi hata kichache chake ni haramu. Kwa hiyo anayepima si jina la kinywaji, bali ni ulevi. Togwa mpya ya jana ni chakula. Iliyokaa hata ikatoa mapovu makali na harufu ya pombe, haifai hata kijiko. Katika joto mambo huharakika, kwa hiyo mama mwenye hadhari hapiki ndoo nzima kwa watu wanne. Hupika ya kutosha leo na kesho.

MILIMA YA WAMATENGO NA UFUKO WA NYASA

Ukitoka Songea kwenda magharibi utafika Mbinga, nchi ya Wamatengo. Milima yao ni ya kusimama kama ukuta, na mtu asiyejua angesema hapalimiki. Walakini Wamatengo wamebuni kilimo cha ngoro, ambacho hakina mfano wake katika nchi zetu. Nyasi hukatwa na kupangwa juu ya mteremko kwa mistari ikatayo mistari, mfano wa wavu mkubwa. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila jicho la wavu na kufunika nyasi zile. Mlima mzima hujaa mashimo na matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuuburura udongo hadi bondeni, na nyasi zikioza huwa mbolea. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, na msimu ufuatao hufuata mahindi. Inasimuliwa kwamba Wamatengo walijibana milimani namna hiyo kwa kuwakimbia Wangoni katika karne ya 19; basi adui aliwasukuma, na dhiki ikawafundisha.

Milimani huko pia hustawi kahawa. Nayo kahawa ina nasaba na sisi, kwa kuwa masufii wa Yemen ndio walioieneza kuwa kinywaji katika karne ya 15, wapate kukesha katika ibada. Ajabu ni kwamba wakulima wengi huiuza yote, wao wakinywa chai. Kijana wa Mbinga angepata faida mara mbili kama angejifunza kuikaanga na kuinywa nyumbani kwake, badala ya kumtazama mgeni akiisifu.

Ukizidi kushuka utaona maji ya Ziwa Nyasa, penye Mbamba Bay na Liuli. Hapa ugali hubadili rangi. Muhogo huloekwa majini siku kadhaa mpaka ulainike, hukaushwa juani, hutwangwa, na unga wake hutoa ugali mweupe unaonata. Ng'ambo ya maji, kaskazini mwa Malawi, ugali wa namna hiyo huitwa kondowole. Kitoweo chake ni samaki. Usipa, ambao sokoni huitwa dagaa wa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Kisha hupanda milima kwa magari hadi Mbinga, Songea na mbali zaidi. Mkubwa wao kwa heshima ni mbasa, samaki wa nyama tamu ambaye huacha ziwa na kupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga mayai. Na hapo pana jambo la kusikitisha: wavuvi humtegea mdomoni mwa mto katika safari hiyo hiyo ya uzazi, na mbasa wamepungua. Sheria yetu imetuhalalishia vya majini bila ya kuchinja, lakini haikutuhalalishia israfu. Avuaye mama na mayai yake amekula samaki wa mwanawe.

SAHANI MOJA KWA UKOO MMOJA

Uislamu uliingia Songea pamoja na misafara ya biashara iliyotoka Kilwa, na Kikole palikuwa kituo kikubwa cha wafanya biashara hao. Haifai kuficha kwamba misafara ile ilibeba pia pembe na watumwa. Historia haisafishwi kwa kunyamaza. Lakini dini ilibaki baada ya pembe kwisha, na pamoja nayo ukabaki wali wa pilau wa siku za maulidi na Idi. Upande wa mashariki, wilaya ya Tunduru, Wayao wengi ni Waislamu, nao hulima mpunga mabondeni na korosho. Wamisionari Wakatoliki nao walijenga Peramiho mwaka 1898, na wafuasi wao wakawa wengi sana.

Matokeo yake ni kwamba ukoo mmoja wa Songea huwa na Athumani na Yohana, watoto wa baba mmoja mkubwa na mdogo. Je, watakulaje pamoja siku ya harusi au ya msiba? Wazee walikwisha kulijibu swali hili kwa desturi iliyoenea katika sehemu nyingi za nchi: mnyama huchinjwa na Mwislamu kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, ili nyama iwe ya wote, na mahali pa pombe huwekwa togwa mpya, ili kata izunguke bila ya kumruka mtu. Shangazi Mkristo huviosha vyombo vyake kabla ya kumpikia mtoto wa kaka yake aliye Mwislamu, na Mwislamu hamwambii shangazi maneno ya kumtahayarisha mbele ya watu. Mwenye kuelewa ataona kwamba hapa halali haikupunguzwa hata kidogo, na udugu haukupunguzwa vilevile. Zimetokea katika nchi yetu siku ambazo watu walibishana vikali juu ya haki ya kuchinja. Waliokulia katika sinia moja wanajua kwamba neno lile lingemalizwa na mzee mmoja mwenye busara na kisu kikali.

Katika kula kwenyewe adabu za Songea zinawiana sana na adabu tulizofundishwa. Mikono hunawishwa kwanza; mwana wa kike amnawishapo mkubwa hupiga goti kwa heshima, nayo ni heshima ya mtoto kwa mzazi, si ibada, kwani kusujudu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Mdogo hamtangulii mkubwa katika tonge. Kila mtu hula kilicho mbele yake. Mgeni hasubiri kuulizwa kama ana njaa. Huandaliwa, maana kumwuliza ni kumfanya aone haya. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kijana aliyekuwa akitembeza mkono sahanini ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kuume na ale kilicho karibu yake. Mzee wa Kingoni ambaye hajawahi kuisikia hadithi hiyo humfundisha mjukuu wake nusu yake. Sisi tumwongezee nusu iliyobaki.

NENO KWA AKINA MAMA NA VIJANA

Tulianza kwa kuuliza kama urithi wa chakula ushikwe, utupwe au uchekechwe. Songea imetupa jibu. Likolo la karanga, ulezi, uyoga, usipa, ngoro na sinia la pamoja ni unga safi; na ushikwe. Pombe ya ulezi na ulanzi uliolala ni pumba. Na itupwe, hata kama imepakwa jina la mila. Na togwa ipo katikati, yahitaji mkono wa mwenye elimu.

Hatari ya leo ni mpya. Kijana wa mjini huona haya kumwandalia mgeni togwa, akakimbilia dukani kununua chupa ya soda ambayo ni maji, sukari na rangi. Huona ugali wa ulezi ni chakula cha masikini, hali madaktari humshauri mgonjwa wa sukari aurudie. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Basi kila binti asomaye maneno haya na amwendee bibi yake Ijumaa hii, akiwa na daftari na kalamu, amwulize kimea hulowekwa muda gani, uyoga upi huliwa, na likolo huungwa vipi. Na kila kijana wa kiume asidhani jambo hili ni la wanawake tu. Mashimo ya ngoro huchimbwa kwa mikono ya wote, na njaa ikija haichagui.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule katika vya ardhi vilivyo halali na vizuri, na ametuamrisha tushukuru. Kushukuru ni kwa ulimi, na pia ni kwa kukijua na kukitunza kile tulichopewa. Atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru, azibariki shamba na maziwa yetu, na asituonyeshe tena njaa waliyoiona waliotutangulia. Amin.